Jina la mbuta lilitoka wapi, na ngege alienda wapi?

Ukifika Sori au Muhuru Bay, kule Migori, ukamwambia mama anayeuza samaki, "Nipe sangara," atakuelewa. Lakini atajua papo hapo kwamba Kiswahili chako umekitoa vitabuni, au umetokea ng'ambo ya mpaka. Kwake yeye huyo ni mbuta. Vuka Isebania uteremke hadi Musoma au Mwanza, na mbuta huyohuyo anageuka sangara. Panda mashua uelekee upande wa Uganda, anakuwa mputa. Ziwa ni moja na samaki ni mmoja, ila majina ni matatu.

Walimu wa Kiswahili huuliza lipi kati ya hayo ndilo sahihi. Si swali baya, lakini linatanguliwa na jingine lililo muhimu zaidi: majina haya yalifikaje? Maana mbuta mwenyewe si mwenyeji wa ziwa hili. Mtu aliyezaliwa Rusinga, Mfangano au Karungu katika miaka ya 1930 alikua, akajifunza kutega na kuvua, bila kumwona samaki huyu wala kuwa na haja ya kumwita kwa jina lolote. Ni nadra mno kwa sisi wanaisimu kupata neno ambalo tunaweza kulitajia hata muongo lilipoingia katika lugha. Mbuta ni mojawapo.

Tuanze na samaki kabla ya jina. Makazi yake ya asili ni Mto Nile, Ziwa Albert, Ziwa Turkana, Ziwa Chad na mito mikubwa ya Afrika Magharibi. Hakuweza kufika Ziwa Victoria kwa nguvu zake mwenyewe kwa sababu ya kikwazo kimoja: maporomoko ya Murchison, ambako Nile yote hujibana katika ufa mwembamba wa mwamba kisha ikajitupa chini kuelekea Ziwa Albert. Samaki hapandi hapo. Juu ya maporomoko hayo, katika Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria, hakukuwa na mbuta hata mmoja.

Kilichompandisha ni binadamu. Katika miaka ya 1950 maafisa wa idara ya wanyamapori na uvuvi nchini Uganda walitaka kumhamishia katika maji ya juu. Walimpeleka Kyoga kwanza. Kuhusu Victoria kulizuka ubishi mkali. Watafiti wa shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, lenye makao yake Jinja, walionya kwamba samaki mla wenzake wa ukubwa huo hatiwi katika ziwa asilolizoea. Geoffrey Fryer alichapisha hoja zake za kupinga mwaka 1960. Lakini mwaka huohuo wa 1960 mbuta akavuliwa katika Ziwa Victoria! Yaani wakati wasomi wakijadiliana kama atiwe au asitiwe, mtu alikuwa ameshamtia. Serikali nazo zikaona yaliyopita yamepita, zikamtia rasmi upande wa Entebbe mnamo 1962 na upande wa Kisumu mnamo 1963.

Sasa turudi kwenye jina. Waganda wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanamwita mputa. Lakini wao nao hawakuwa naye kabla ya miaka hiyo ya 1950, kwa hiyo jina hilo haliwezi kuwa walilirithi kutoka kwa wavuvi wao wa kale wa ziwa hili. Lilitoka kule alikotoka samaki, upande wa Ziwa Albert na Nile ya chini. Kwa maoni yangu hakuna maelezo mengine yanayokaa vizuri: jina lilipanda maporomoko ya Murchison ndani ya ndoo ileile iliyombeba samaki.

Kutoka Uganda jina likaingia kinywani mwa Wajaluo. Hapo likabadilika kidogo, na badiliko lenyewe linaeleweka. Katika Dholuo mfuatano wa sauti mb ni mwenyeji kabisa. Neno kama mbaka, yaani mazungumzo, ni la kila siku. Mfuatano mp hauna mizizi hiyo. Neno geni likibisha hodi, lugha hulivisha nguo za nyumbani. Mputa akawa mbuta. Leo mtoto wa Mbita au Kendu Bay hawezi kuhisi ugeni wowote katika neno hilo, na ukimwambia kwamba babu yake alizaliwa kabla ya neno lenyewe kufika, atadhani unamtania.

Na sangara? Hili limepitia mlango mwingine. Ziwa Tanganyika lina samaki wanne wa jamaa moja na mbuta, ambao ni wake wenyewe na hawapatikani kwingine kokote duniani. Wawili kati yao wavuvi wa Kigoma huwaita sangala. Mwingine, mdogo zaidi, ni yule mgebuka maarufu ambaye kila mgeni wa Kigoma huonjeshwa. Basi mbuta alipotokea katika nyavu za Mwanza na Mara, Tanzania tayari ilikuwa na jina la ndugu yake katika ziwa jingine. Kupokezana kwa l na r katika lugha zetu za Kibantu si jambo la kustaajabisha, na sioni ugumu wowote wa kupata sangara kutokana na sangala. Ikiwa ndivyo, majina haya mawili yanatuonyesha njia mbili tofauti za kumpokea mgeni: Wajaluo walichukua jina alilokuja nalo, na Watanzania walimpa jina la ndugu waliyekwisha kumjua.

Nako Ulaya walilipata lao kutoka Misri. Hasselquist, mwanafunzi wa Linnaeus, alimwona samaki huyu katika safari yake ya Misri na akafa mwaka 1752 kabla ya kurudi kwao Sweden. Linnaeus akamwingiza katika orodha yake kuu ya viumbe mwaka 1758 akimpa sifa ya niloticus, wa Nile. Jina la kwanza la kisayansi analotumia leo, Lates, ni la Wagiriki wa kale. Wagiriki hao waliuita mji wa Esna, kusini mwa Misri, Latopolis, yaani mji wa lates, kwa kuwa wakazi wake walimtukuza samaki huyu na hata kumkausha na kumzika kwa heshima kama walivyofanya kwa wafalme. Huyu tunayemkaanga Homa Bay aliwahi kuwa na makaburi yake!

Katika ziwa letu hakupokelewa kwa heshima hiyo. Alipoongezeka ghafla katika Ghuba ya Winam mwanzoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wengi hawakumpenda. Alichana nyavu zilizofumwa kwa ajili ya samaki wadogo. Nyama yake ina mafuta mengi, kwa hiyo haikukubali kuanikwa juani kama walivyozoea akina mama. Ilibidi akaushwe kwa moshi, na moshi unataka kuni. Kisha vikaja viwanda vya kukata minofu kwa ajili ya Ulaya, na bei yake ikapanda mpaka yule aliyekuwa akilalamika naye akanunua nyavu kubwa.

Viwanda hivyo vilizalisha neno ambalo mimi naliona kuwa mojawapo ya maneno makali zaidi katika Kiswahili cha Kenya: mgongo wazi. Minofu ikishatolewa pande zote mbili ikaenda zake uwanja wa ndege, kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Hicho ndicho kilichouzwa kwa wenyeji, kikakaangwa katika mafuta na kuliwa na watu wenye mifuko mitupu. Mgongo wazi kwa mshonaji ni mtindo wa nguo ya mwanamke; kwa mkazi wa Homa Bay ni samaki aliyevuliwa nyama. Hakuna chuo wala baraza lililounda istilahi hiyo. Waliiunda waliokuwa wanayala mabaki, na wakaiunda kwa uangalifu: hawakusema mifupa, walisema mgongo, na kwamba uko wazi. Kule Mwanza mabaki hayohayo huitwa mapanki, neno lililopata umaarufu wa ghafla baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuyaonyesha kwa ulimwengu, na serikali ya Tanzania ikakasirika wazi. Inafaa pia tukumbuke kwamba kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake mara kadhaa kwa samaki wa ziwa hili, mara kwa sababu ya bakteria, mara kwa kuhofia kipindupindu, mara kwa madai ya sumu. Kila soko lilipofungwa, mbuta mzima, mwenye nyama yake, alionekana tena kwenye masoko ya hapa nyumbani.

Kama kuna mahali ambapo majina yote matatu yanakaa pamoja kwa kubanana, ni Migingo. Kisiwa hicho kilicho karibu na pwani ya Migori ni jiwe tu, huwezi kulilinganisha hata na uwanja wa mpira, lakini limejaa mabati kutoka ukingo hadi ukingo. Kenya na Uganda zilizozana vikali juu yake mwaka 2009. Watu walizungumza kuhusu ramani na mipaka ya enzi ya ukoloni, na hayo yote yalikuwa kweli, ila hakuna aliyekuwa akiligombania jiwe. Waligombania maji yanayolizunguka, na ndani ya maji hayo samaki mmoja. Mvuvi wa Kenya alidai mbuta wake, askari wa Uganda akalinda mputa wao, na wavuvi kutoka Tanzania waliokuwepo waliendelea kumpima sangara. Ajabu ni kwamba mgeni aliyeletwa kwa ndoo katika kizazi cha wazazi wetu ndiye aliyezipeleka nchi mbili karibu na ugomvi wa silaha, kila mmoja akimwita "wetu".

Hadi hapa nimesimulia habari za jina lililoingia. Lakini lililonisukuma kuandika ni jina lililobaki, nalo ni ngege.

Huyu ndiye aliyekuwa samaki wa ziwa hili hasa. Nyavu za kisasa zilipoanza kutumika katika ghuba mnamo 1905, zilitupwa kwa ajili yake. Kufikia miaka ya 1920 idadi iliyonaswa kwa kila wavu ilikuwa imepungua kiasi cha kuwatia serikali ya kikoloni wasiwasi, na Michael Graham akatumwa kutoka Uingereza kufanya uchunguzi katika 1927 na 1928. Graham alipendekeza nyavu zisiwe na matundu madogo kuliko inchi 5. Pia ndiye aliyempa ngege jina la kisayansi, esculentus, Kilatini cha "afaaye kuliwa". Sijui kama kuna samaki aliyepewa sifa ya wazi zaidi.

Ngege wa Graham karibu ametoweka katika ziwa kuu. Wa kwanza kumwumiza walikuwa nyavu. Katika miaka ya 1950 zikaletwa aina nyingine za jamaa yake, kuziba pengo. Mmojawapo ni yule wa Nile, niloticus, anayekua haraka na kula karibu chochote. Mbuta akamaliza kazi. Yule wa Nile akabaki, akaenea, na leo ndiye anayefugwa katika vizimba vinavyoelea kwenye maji ya Homa Bay. Dholuo kina jina lake, nyamami. Lakini sokoni husikii sana nyamami. Unasikia ngege. Hotelini kwenye menyu imeandikwa ngege. Ukiagiza ugali na ngege Homa Bay mjini, utaletewa mgeni wa miaka ya 1950 aliyevaa jina la marehemu.

Wapo watakaosema hili ni jambo la kawaida, maneno huhama kutoka kitu hadi kitu tangu dunia iumbwe. Hoja hiyo ina mashiko. Sisi wenyewe Waswahili tuna mfano ulio wazi kuliko huo: neno la asili la Kibantu ni nswi, lililotumika katika Kiswahili cha zamani na bado linasikika katika lahaja kadhaa za pwani, lakini Kiswahili sanifu kimelisahau na kulichukua samaki la Waarabu. Ukitaka kulisikia lile la zamani huku bara, nenda kwa Wakisii, majirani wa Migori, wanaosema enswe. Hapo jina limekufa na kitu kimebaki. Hakuna aliyepungukiwa chakula.

Kwa ngege mambo yako kinyume: kitu kimeondoka na jina limebaki. Huo ndio ubaya wake. Samaki ambaye jina lake limekufa pamoja naye, watu hujua kwamba wamempoteza. Wazee wa Migori bado huwazungumzia ningu waliokuwa wakipanda Mto Kuja nyakati za mvua kwenda kutaga mayai, na jinsi walivyopungua nyavu zilipotegwa kwenye mlango wa mto. Ningu wana maombolezo yao. Ngege hawana, kwa sababu jina lao bado linauzwa kila asubuhi kwa kilo. Msichana wa miaka kumi na mitano wa Rusinga ataapa kwamba jana amekula ngege, na kwa jinsi lugha ilivyo sasa, hasemi uongo.

Hali ikazidi kuchanganyika samaki walioganda kwa barafu walipoanza kuletwa kutoka Uchina, jambo lililozua kelele nyingi hasa mwaka 2018. Hao waliitwa tilapia. Wengi wetu tunalidhani neno hilo kuwa la Kizungu. Si hivyo. Andrew Smith, daktari Mskoti aliyefanya kazi kusini mwa Afrika, ndiye aliyeliingiza katika sayansi mwaka 1840, na wataalamu hulihusisha na tlhapi, neno la Kitswana lenye maana ya samaki. Neno la Kiafrika limekwenda London, likazunguka hadi mabwawa ya Uchina, likarudi Kisumu na Homa Bay ndani ya katoni, nasi tukalipokea kama mgeni.

Kuna jina la tatu ambalo lazima nilitaje, maana lenyewe halikuhama wala halikusahauliwa; lilitumika kama rungu. Kabla ya mbuta, uchunguzi wa nyavu za kukokota mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa hili ilikuwa fulu, samaki wadogo ambao Watanzania huwaita furu. Mjaluo alikuwa na neno moja kwao wote, naye aliwala, wakavu kwa wabichi. Wanasayansi walikuja kugundua kwamba ndani ya neno hilo moja kulikuwa na aina zaidi ya 500, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine. Lakini katika maandishi ya maafisa waliotaka mbuta aletwe, fulu waliitwa samaki wa takataka. Walikuwa wadogo, wana miba mingi, Mzungu hawali. Ukishamwita kiumbe takataka, huhitaji tena kujitetea unapotafuta wa kumfagia. Hoja yenyewe ilikuwa kwamba mbuta atazigeuza takataka hizo kuwa nyama nzuri. Naye akafanya hivyo. Aina zipatazo 200 hazionekani tena. Kundi la watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, lililokuwa Mwanza tangu 1977, lilikuwa bado linaziandika na kuzichora zilipokuwa zinatoweka, na nyingine ziliondoka kabla ya kupewa jina lolote, la Kilatini wala la Kijaluo.

Kamusi zetu zina sehemu yao katika haya. Mara nyingi huridhika kumfafanua samaki kwa maneno machache, "aina ya samaki wa maji baridi", na basi. Maelezo hayo yanamfaa ngege, yanamfaa sangara, yanamfaa kambare, hayamtambulishi yeyote. Ningependa kuona kamusi ya Kiswahili inayoandika kwamba mbuta ni jina la sangara linalotumika Kenya, lililoingia kupitia Uganda baada ya samaki huyo kuletwa katikati ya karne ya 20. Na chini ya ngege iwe na maana mbili zilizotengwa kwa nambari: kwanza samaki wa asili wa Ziwa Victoria, esculentus, ambaye sasa ni adimu, pili, kwa matumizi ya leo, yule wa Nile na wa vizimbani. Ni mistari miwili tu, haigharimu karatasi nyingi.

Kwa walimu wanaosubiri jibu la swali lao: mtahiniwa wa Migori akiandika mbuta kwenye insha yake, msimkate alama. Hajaandika lugha ya mama. Ameandika Kiswahili cha upande wake wa ziwa, chenye historia inayoweza kufuatiliwa kama ile ya sangara.

Ngege wa kwanza naye hajaisha kabisa. Yupo katika Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, ziwa dogo lililotengwa na ziwa kuu na vinamasi vya Yala, ambako mbuta hajafika. Wavuvi wa huko humtoa majini kwa mitumbwi midogo, ni mdogo kuliko wale wa sokoni Homa Bay, nao humwita ngege.